Kuishi na Kusafiri na Mbwa Katika Boti Nyembamba za Mifereji ya Uingereza

Boti nyembamba ya mifereji ya Uingereza ni chombo cha chuma chenye upana wa takriban mita 2.08 na urefu unaoweza kufikia mita 22. Upana huo haukupangwa kwa ajili ya raha ya wakaaji. Ulitokana na loki za mifereji mingi iliyochimbwa katika karne ya 18, ambazo zilijengwa kwa upana wa karibu mita 2.1 tu. Loki ni chumba cha matofali au mawe chenye malango mbele na nyuma, ambamo maji hujazwa au hupunguzwa ili boti ipande au ishuke mahali penye mwinuko. Anayeamua kuishi humo pamoja na mbwa anapaswa kuanza na vipimo hivyo, kwa kuwa nyumba yake itakuwa chumba kimoja kirefu chenye maji pande zote, na kati ya chuma cha boti na jiwe la ukingo patakuwa na mwanya ambao mbwa atauvuka mara nyingi kila siku, kiangazi na kipupwe.

Mwanya huo ndio ninaotaka msomaji auweke akilini kuliko jambo lingine lolote. Miaka niliyokaa majini na mbwa wangu wawili imenionyesha kwamba mwendo wa boti wenyewe hauwadhuru wanyama hawa, maana kwenye mifereji kanuni hairuhusu kuzidi maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4, na mara nyingi mtu anayetembea kwa miguu hutangulia. Madhara hutokea mbwa anapotoka au kuingia kwa wakati ambao mwenyewe hakuutarajia. Kwa hiyo ukingo wa boti lazima uwe kama mlango uliofungwa, unaofunguliwa kwa neno lako peke yake.

Katika maelezo yafuatayo nitatumia maneno ya mabaharia wa majahazi ya pwani yetu, kwa kuwa yanatosha kabisa: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, kana ni mkono wa kushikia usukani, upondo ni mti mrefu wa kusukumia chombo, na rafadha ni panga linalozunguka majini chini ya tezi. Njia ya miguu inayoambatana na mfereji, ambayo zamani ilikuwa ya farasi waliokokota boti za mizigo, nitaiita njia ya ukingo.

Kabla ya kununua

Kodi boti kwa wiki moja kwanza, na ukiweza chagua Oktoba badala ya Julai, wakati njia zina matope, usiku ni mrefu na mvua hainyeshi kwa ratiba. Kampuni nyingi za kukodisha hupokea mbwa, baadhi kwa malipo ya ziada, ila huweka kikomo cha idadi, hivyo uliza kabla ya kulipa. Katika wiki hiyo chunguza mambo ambayo nyumba ya nchi kavu haikuonyeshi: kama mbwa hulala usingizi wakati maji yanagonga chuma, kama anakubali kujisaidia akiwa amefungwa kamba mahali asipopajua, na kama anaweza kushuka ngazi za ndani bila kuanguka. Ngazi hizo ni za wima kuliko za nyumbani, na mbwa mwenye mgongo mrefu au nyonga mbovu huumia juu yake polepole bila mtu kugundua.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki wengi wetu tulimjua mbwa kama mlinzi wa ua, anayelala nje na kusifiwa kwa kubweka. Katika boti sifa hiyo inageuka kuwa taabu. Njia ya ukingo ni ya watu wote, na siku ya Jumapili wapita njia, watoto na baiskeli watapita mita moja kutoka dirishani kwako kuanzia asubuhi hadi jioni. Mbwa anayebweka kwa kila kivuli atajichosha, atakuchosha na atawaudhi majirani uliofungana nao kamba karibu. Mbwa wa aina hiyo anaweza kufundishwa, lakini ni bora ujue kabla ya kuuza nyumba.

Umbo la tezi ni uamuzi mkubwa kwa mwenye mbwa. Kuna boti zenye tezi pana iliyo wazi na kuzungukwa na reli tu. Watu hukaa hapo kwa raha, lakini mbwa mdogo hupita chini ya reli kama maji. Kuna nyingine za jadi ambazo sehemu ya kusimama nyuma inamtosha nahodha peke yake, kwa hiyo mbwa hukaa ndani akiwa kwenye ngazi karibu na miguu yako. Aina ya tatu ina nafasi pana kama ya tezi wazi, ila imezungushiwa kuta za chuma za kimo cha kiuno, nami huipendekeza kwa yeyote mwenye mbwa wawili au zaidi, kwa sababu wanaweza kuwa nawe bila kuona nafasi ya kuruka. Katika aina zote, kumbuka kwamba boti inaporudi nyuma maji huweza kuisukuma kana kwa ghafla na kwa nguvu, na chochote kilicho ndani ya mzunguko wake, mtu au mbwa, kitatupwa majini karibu kabisa na rafadha. Panga mahali pa mbwa nje ya mzunguko huo tangu siku ya kwanza.

Kuhusu urefu, boti ya mita 17 hivi hupita karibu katika mtandao wote, zikiwemo loki fupi za kaskazini. Kabla ya kukubali mpangilio wa ndani, leta mbwa wako na mtembeze kutoka omo hadi tezi, kwa kuwa njia inayopita kando ya choo huwa nyembamba kiasi kwamba mbwa mkubwa hawezi kugeuka, na wewe huwezi kumruka.

Kumfundisha ukingo

Anza boti ikiwa imefungwa omo na tezi, injini imezimwa, na mbwa akiwa na kamba. Chagua maneno mawili ambayo familia nzima itayatumia bila kubadilisha. Kwetu ni "ngoja" na "haya". Mbwa asimame ndani, aambiwe "ngoja", wewe ushuke kwanza na kusimama imara nchi kavu, kisha umwite kwa "haya". Wakati wa kurudi fanya vivyo hivyo, kwa sababu mbwa aliyechoka na mwenye miguu ya matope huteleza zaidi anapoingia kuliko anapotoka. Rudia mara kumi kwa siku kwa wiki mbili, ukimpa kipande cha nyama kila anaposubiri, wala usimpe anaporuka kabla ya neno hata kama ameruka vizuri. Wiki ya tatu washa injini boti ikiwa bado imefungwa, maana mtetemo na sauti humfanya mbwa aliyetulia asahau yote aliyojifunza. Hapo tu ndipo uanze safari fupi.

Mara nyingi ukingo una kina kidogo na boti haiwezi kuufikia, hivyo utatumia ubao. Mbwa wengi huogopa ubao unaonesa. Ulaze kwanza juu ya majani, mbwa autembee kama mchezo, kisha uinue kidogo kidogo kwa kuweka matofali chini yake kabla ya kuuweka juu ya maji. Ubao wenye vijiti vya kuzuia miguu isiteleze au mchanga uliochanganywa na rangi utamsaidia siku za baridi kali.

Nunua jaketi la kuokolea maisha lililotengenezwa kwa ajili ya mbwa, lenye mpini imara mgongoni, na ulijaribu kwa kumwinua kabisa kutoka ardhini kwa mpini huo. Likichomoka au likipanda shingoni, si saizi yake. Thamani ya jaketi hili si kuelea tu, kwa kuwa mbwa wengi huogelea. Ukingo wa mfereji mara nyingi ni ukuta wima wa chuma au saruji, na mbwa aliyelowa hana mahali pa kushika. Bila mpini utajaribu kumvuta kwa ngozi ya shingo huku umelala kifudifudi kwenye tope. Mbwa wangu mdogo alitumbukia asubuhi moja ya Februari, boti ikiwa imefungwa na mimi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, kwa sababu sakitu ilikuwa imegandia kile kijia chembamba cha chuma kinachozunguka boti. Hakuwa na jaketi, kwani nilidhani jaketi ni la safarini. Tangu siku ile, kwenye barafu na kwenye giza, huvaa hata anapotoka kujisaidia.

Akianguka boti ikiwa inatembea, jambo la kwanza ni kutoa gia ili rafadha isimame. Usirudi nyuma kumfuata, kwa kuwa kurudi nyuma humvuta kuelekea panga. Zima injini kabisa ikiwa yuko karibu na tezi, mwite kwa sauti ya kawaida kuelekea ukingo ulio chini au mahali palipovunjika, na mtu mmoja ashuke kwenda kumpokea. Mifereji mingi ina kina cha mita moja au kidogo zaidi, na kwa kawaida mtu mzima husimama. Hata hivyo usijitupe majini ndani ya loki, karibu na mahali maji ya ziada yanapomwagikia nje ya mfereji, au mtoni, ambako mkondo na kina ni mambo tofauti kabisa. Usiruhusu mbwa awe kati ya boti na ukingo, wala kati ya boti mbili, kwa sababu tani kumi na zaidi za chuma hazisimamishwi na mkono wa mtu.

Kwenye loki

Loki ndipo mahali panapostahili hofu yako. Boti inapoingia kupanda, ukuta uko juu na mbwa haoni chochote. Dakika chache baadaye sitaha imelingana na ukingo wa jiwe naye anaruka. Inaposhuka mambo ni mabaya zaidi: mbwa aliyeachwa ukingoni anaiona boti yake ikizama mita mbili au tatu chini huku bwana wake akiwa ndani yake, na mapenzi yake humfanya aruke. Chini yake kuna paa la chuma, au pengo la maji ya rangi ya chai yanayozunguka kwa nguvu.

Kanuni yangu ni kwamba mbwa huwa ndani, milango ya omo na tezi imefungwa kwa komeo, kabla ya lango la kwanza kuguswa hadi boti itakapokuwa imetoka kabisa. Wapo wanaowaacha mbwa watembee na mtu wa kufungua malango, na kwa mbwa mtulivu mwenye kamba iliyoshikwa na mtu ambaye hana kazi nyingine, hilo linawezekana. Mtu anayezungusha mpini wa kufungulia maji hawezi kushika kamba ya mbwa kwa wakati huo huo. Pia mbwa humfuata anapovuka kwa kukanyaga ubao mwembamba ulio juu ya lango, wenye ukungu na kuteleza, maji yakiwa upande mmoja na shimo upande wa pili.

Usimfunge mbwa kwa kamba kwenye boti ukiwa ndani ya loki, kamwe. Boti ikishuka na mbwa akiwa ameruka kwenda ukingoni, kamba itamnyonga. Kwa sababu hiyohiyo kamba za boti zisizungushwe fundo linalokaza. Boti iliyonasa kwa kamba yake huinama maji yanaposhuka. Nahodha ahakikishe kwamba tezi iko mbele ya mstari mweupe uliochorwa ukutani, unaoonyesha mwisho wa kizingiti cha jiwe kilicho chini ya lango la juu, kwa kuwa tezi ikikalia kizingiti hicho boti huzama kwa omo, na mbwa aliyefungiwa ndani hatakuwa na njia ya kutoka. Hii ndiyo gharama ya kumfungia ndani, na hulipwa kwa uangalifu wa nahodha: macho yasitoke kwenye mstari ule hata kama watazamaji wanakusemesha.

Loki moja huchukua takriban robo saa. Hilo linafaa kukumbukwa unapopanga siku, kwa sababu kuna misururu mirefu: 21 huko Hatton, 29 huko Caen Hill karibu na Devizes, na 30 huko Tardebigge, ambao ni mrefu kuliko yote nchini. Mbwa hawezi kufungiwa ndani kwa saa saba. Siku ya msururu wa loki mtembeze vya kutosha kabla hamjaanza, simamisha kazi mahali palipo na nafasi pana kati ya loki mbili, funga boti, mtoe, kisha endelea. Mahali ambapo loki ziko mbalimbali, mtu mmoja anaweza kutembea na mbwa kwenye njia ya ukingo kutoka loki moja hadi nyingine; kwa mwendo wa boti hizi hamtaachwa.

Mahandaki, madaraja na njia ya hewani

Handaki la Blisworth kwenye Mfereji wa Grand Union lina urefu wa mita 2,800 hivi, na kulipita huchukua zaidi ya nusu saa gizani, maji yakidondoka kutoka darini na ngurumo ya injini ikirudi kutoka kila ukuta. Mbwa akae ndani, taa zikiwa zimewashwa. Usimfariji kwa wasiwasi. Mpe mfupa wa kutafuna na uache radio iseme.

Daraja la maji la Pontcysyllte, linalobeba mfereji wenyewe ndani ya hori la chuma, katika Mfereji wa Llangollen, huko Wales, lililofunguliwa mwaka 1805, lina urefu wa mita 307 na liko mita 38 juu ya mto. Upande wa njia ya ukingo kuna reli, lakini upande wa pili hakuna reli yoyote. Mdomo wa hori la chuma uko chini kuliko sitaha ya boti, na mbwa aliyesimama kwenye tezi anaona anga tupu. Wageni hutaka kupigwa picha na mbwa wao hapo. Mimi nasema mbwa wafungiwe ndani kabla ya kufika, na picha ipigwe upande wa pili.

Kwenye madaraja ya kuinua na ya kuzungusha, mtu anayeshuka kulifungua asishuke na mbwa, kwa sababu magari husubiri, mikono imejaa, na boti haiwezi kumrudia haraka.

Kwenye njia ya ukingo

Mwite mbwa na umfunge kamba kabla ya kufika chini ya daraja, ambako njia hupinda na mwendesha baiskeli haonekani hadi amefika. Wavuvi wa ndoana hulaza mianzi yao mirefu ya bei kubwa katikati ya njia. Mbwa akiikanyaga utailipa. Hatari iliyo kubwa zaidi ni chambo kilichoachwa na ndoana ndani yake. Mbwa akimeza, usivute uzi unaoning'inia mdomoni, ukate ukiacha kipande kirefu, umzuie asiendelee kutafuna, na uende kwa daktari wa mifugo mara moja.

Bata maji huatamia kuanzia Aprili, na dume hulinda kiota kwa kumshambulia mbwa aliye majini hata kumzamisha. Pita upande wa mbali ukiwa umemshika. Palipo na kondoo, hasa Wales na Cheshire, mbwa asitolewe kamba hata kidogo, maana sheria inampa mfugaji utetezi akimpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake. Kinyesi kiokotwe na kutupwa kwenye pipa; kukitupa majini au kukining'iniza mtini ndani ya mfuko ni aibu kwetu sote tunaoishi hapa.

Afya

Maji ya mfereji yana mkojo wa panya, na ndani yake vimelea vya leptospira, vilevile vinavyosababisha ugonjwa uliojulikana Tanzania kwa jina la homa ya mgunda ulipotokea mkoani Lindi mwaka 2022. Huua mbwa kwa kuharibu ini na figo, na humwambukiza mtu pia. Chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na kwa mbwa wa botini si jambo la hiari. Wewe mwenyewe funika vidonda vya mikono na unawe kila baada ya kushika kamba zilizolowa.

Katika majira ya joto, maji yaliyotulia huweza kuota utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika. Sumu ya utando huo humwua mbwa kwa muda mfupi na haina dawa ya kuiondoa. Ukiuona, mbwa asiogelee wala asinywe, na aliyelowa aoshwe kwa maji ya bomba kabla hajajilamba. Weka chombo cha maji safi kwenye tezi wakati wote ili asivutwe na mfereji.

Sumu nyingine unaibeba mwenyewe: kipoozeo cha injini, ambacho kina ladha tamu na huharibu figo. Likivuja tone sakafuni mwa injini, futa siku hiyohiyo, na chumba cha injini kiwe na kifuniko ambacho pua ya mbwa haifunui. Kupe hukaguliwa kila jioni kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, hasa masikioni na kwapani.

Chuma hupokea jua. Boti iliyofungwa milango saa sita mchana mwezi Julai haina tofauti na gari lililofungwa, na paa lake huunguza nyayo. Siku hizo funga boti chini ya miti hata kama paneli za sola zitakosa jua, fungua madirisha ya pande zote mbili, tandaza taulo zilizolowa sakafuni, na usiende dukani ukimwacha ndani.

Sajili mbwa kwa daktari mmoja, hata kama utakuwa mbali naye, na ubebe nakala za kumbukumbu za chanjo na matibabu. Kila unapofunga boti jioni, andika namba ya daraja lililo karibu, jina la kijiji na simu ya daktari wa zamu wa eneo hilo. Madaraja ya mifereji yana namba, na saa nane za usiku, mbwa akiwa anatapika, utafurahi kuwa umeandika.

Sheria na makaratasi

Mifereji mingi ya England na Wales, takriban kilomita 3,200, inasimamiwa na Canal & River Trust, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2012. Boti inahitaji leseni, bima, na cheti cha usalama ambacho hutolewa baada ya ukaguzi kila miaka 4. Asiye na mahali pa kudumu pa kuegesha anapaswa, kwa sheria ya mwaka 1995, kusafiri kwa dhati bila kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, ila kama hali inahalalisha muda mrefu zaidi. Mbwa akifanyiwa upasuaji asiweze kusafiri, waandikie wasimamizi kabla siku hazijaisha na uambatishe barua ya daktari, usisubiri kuulizwa.

Mbwa wa England lazima awe na chipu chini ya ngozi tangu mwaka 2016, na taarifa zake ziwe za sasa. Akiwa mahali pa umma, ukanda wake wa shingoni lazima uwe na jina na anwani ya mwenyewe. Sisi tusio na anwani ya mtaa hutumia ile tunayopokelea barua, na kuongeza namba ya simu na jina la boti, kwa kuwa majirani wa mfereji hulitambua jina la boti kabla ya kulitambua la mtu.

Ndani, na majira ya baridi

Jiko la chuma linalochoma makaa na kuni huwaka usiku na mchana kuanzia Novemba, na mbwa atalala mbele yake akiliona kuwa lake. Weka kizuizi cha waya, kwa sababu boti ikigongwa na nyingine huyumba na mbwa aliyelala hubiringika. Tangu Aprili 2019 kengele ya kaboni monoksidi ni sharti la cheti cha usalama kwa boti zenye sehemu ya kulala. Ijaribu kila wiki. Matundu ya hewa yaliyo chini ya milango yasizibwe kwa tandiko la mbwa, hata kama upepo unapenya, kwa kuwa ndiyo njia ya gesi nzito ya kupikia kutoka.

Kitakachokushinda kwanza ni tope. Tengeneza mahali pa kumkaushia mbwa pale omo, chini ya turubai, ukiwa na ndoo, taulo nne na brashi, na asivuke mlango wa ndani kabla ya miguu yake minne kufutwa. Sakafu iwe ya kufutika, na mazulia yawe vipande vidogo vinavyoweza kuoshwa. Maji ya tangi hayajirudii, kwa hiyo kumwosha mbwa hufanywa karibu na bomba la kujazia.

Mfereji ukiganda, mbwa asiyejua barafu ataikanyaga akidhani ni njia, na itakatika katikati. Kamba isitoke mkononi siku hizo. Kati ya Novemba na Machi loki nyingi hufungwa kwa matengenezo, hivyo soma ratiba mapema na uhakikishe kwamba sehemu utakayobaki ina bomba la maji, mahali pa kumwaga choo, na daktari wa mifugo anayefikika kwa miguu au basi.

Mbwa mkubwa kati ya wangu sasa ana miaka 12, na ngazi zimemshinda. Fundi alitutengenezea mteremko wa mbao wenye zulia gumu, unaokunjwa mara mbili na kuwekwa juu ya ngazi za tezi, na nje hushuka kwa ubao mpana wa sentimita 40. Huvaa jaketi lake wakati wote kwa sababu ya mpini, ambao mimi huushika anapopanda. Kabla ya kugusa ubao bado husimama na kunitazama, akisubiri "haya".